Kichupa cha Breki

Mliokuwa nami wiki iliyopita mliniacha nimelala chali sakafuni mwa saluni yangu mwenyewe, mashine ya kunyolea bado inanguruma mkononi, na mwalimu mkuu kasimama juu yangu akiwa na nywele upande mmoja tu wa kichwa. Hayo ni ya miezi kadhaa nyuma, na nilipona. Mwalimu mkuu bado hajanisamehe. Siku hizi akifika karibu na saluni yangu anavuka barabara, na kofia ameikandamiza hadi masikioni.

Kwa wageni, niseme haraka haraka. Kaka yetu mkubwa alikuwa fundi wa kuchomelea mageti. Alianguka kazini na kukata roho kabla chai yake haijapoa. Mama akasema ni damu mbovu ya ukoo wa baba. Baadaye nikaanguka mimi. Hospitali wakaniambia kuta za moyo wangu zimenenepa kupita kiasi, na maradhi haya hayaambukizwi kwa kikohozi wala hayatumwi na adui. Yanarithiwa. Mzazi mmoja akiwa nayo, kila mtoto ana nafasi nusu kwa nusu, kama kurusha sarafu.

Tulizaliwa watatu. Kaka ametangulia. Mimi nameza vidonge. Amebaki mdogo wetu, dereva wa lori, tunayemwita Breki kwa sababu tangu utotoni hajawahi kuwa nazo.

Ya leo ni ya Breki, ingawa mwenyewe haonekani sana humu.

Breki hataki kusikia habari za hospitali. Anasema aliingia mara moja, kumtambua kaka, na hiyo inamtosha mpaka kufa. Nilimbembeleza, nikamtisha, nikamnyoa bure. Hakukubali. Mwisho nikamlalamikia Mshauri.

Mshauri ni binti mpole mwenye ofisi ndogo mwisho wa korido ya kliniki ya moyo. Kazi yake ni kuzungumza na familia zenye maradhi ya kurithi: anawauliza nani alikufa ghafla, nani huzimia, nani amezaa na nani, kisha anawaeleza nani apimwe. Akanipa vichupa viwili vya plastiki.

"Kama hataki kuja, mwambie ateme mate humu," akasema. "Asubuhi, kabla hajala chochote. Ajaze hadi kwenye mstari. Cha pili ni cha akiba, isije cha kwanza kikamwagika."

"Mate tu?"

"Mate tu. Tunasoma vinasaba humo humo."

"Basi mtasoma mpaka mchoke. Yule mate anayo, anaongea tangu alfajiri."

Akatabasamu kidogo, kisha akaniambia lile jambo ambalo nilijua litaleta balaa nyumbani. Mpaka majibu yatoke, Breki asiendeshe. Ukizimia na mashine ya kunyolea, anaharibika mwalimu mkuu mmoja. Ukizimia na lori ni habari nyingine.

Tajiri wa lori alielewa. Alisema atamngoja mpaka hospitali iseme yuko salama. Breki akabaki nyumbani kwa Mama, ambako anaishi na mkewe, na kukaa bure kulimtesa kuliko ugonjwa wenyewe. Alitengeneza mabomba yasiyovuja mpaka yakavuja. Aligombana na mkewe kuhusu namna ya kukunja shuka. Mama alikuwa akimtazama tu, na kila nikipita kuwasalimu alinivuta pembeni.

"Huyu mtoto anakufa kwa kukaa."

"Mama, ni kusubiri kidogo tu."

"Kaka yako naye alisubiri nini? Maradhi ya kwa baba yenu hayana subira."

Lakini mate yalitemwa. Breki mwenyewe aliniambia kwa simu, "Nimetema, bosi wangu, hadi kwenye mstari. Nimekiacha kabatini." Nikapita asubuhi ile, Mama akanikabidhi kichupa kikiwa kimefungwa kwenye leso safi kama zawadi ya harusi. "Peleka," akasema, "Mungu atangulie." Nikabandika jina la Breki, nikapeleka. Sikuuliza kile kichupa cha pili kiko wapi. Ningeuliza ya nini?

Sasa ndiyo tumefika kwenye kisa cha wiki hii.

Mshauri alinipigia nikiwa katikati ya ndevu za mteja. "Njoo leo," akasema, "na uje peke yako." Nilimaliza zile ndevu haraka haraka, nikafunga saluni.

Ofisi yake ina meza moja, viti vitatu, moyo wa plastiki unaofunguka kama kopo la chakula, na boksi la tishu. Nimeshaujua mchezo wa lile boksi. Likikaa pembeni, habari ni za kawaida. Likisogezwa mbele yako, jikaze. Siku hiyo lilikuwa pembeni, nami nikakaa nikihema vizuri.

"Kile kichupa ulicholeta," akaanza, "nani alitema?"

"Breki."

"Ulimwona akitema?"

"Dada yangu, nimkodolee macho mtu mzima akitema mate? Tuna aibu kidogo kwetu."

Hakucheka.

"Mate yale ni ya mwanamke."

Mimi ndiye niliyecheka. Nilicheka kwa sauti mpaka nesi akachungulia mlangoni.

"Maabara huangalia hilo kila mara, ili vichupa vya watu visichanganyike," akasema. "Walipoona, wakarudia. Jibu lilikuwa lile lile."

"Basi ndivyo walivyochanganya. Wamechukua cha mama wa watu."

"Nami nilifikiri hivyo. Sivyo."

"Umejuaje kuwa sivyo?"

Akapanga kalamu zake. "Nimejua. Zaidi ya hapo nitazungumza na aliyetema. Majibu ni yake, si yangu kuyatembeza. Mtafute umlete. Lakini ondoka hapa na jambo moja kichwani. Breki hajapimwa. Hatujui lolote kuhusu moyo wake. Asiguse usukani."

Njia nzima nilikuwa nimeshapata mhalifu wangu: shemeji, mke wa Breki. Nani mwingine? Wanandoa wale hugombana kila siku, lakini kwenye uongo mdogo huwa wanaelewana sana. Nilifika nimeumuka kwa hasira. Nikamkuta sebuleni anakunja nguo.

"Shemeji, ulitema mate kwenye kichupa cha mumeo?"

"Shemeji, una homa?"

"Nijibu."

"Mate yangu nayatunza kwa ajili ya kumgombeza huyo huyo mume wangu. Nayatemaje ovyo?" Akaacha kukunja. "Kwani kuna nini? Si majibu yametoka?"

"Yametoka wapi?"

"Mama amesema ulipiga simu. Kwamba Breki yuko safi. Akaenda mwenyewe hadi kwa tajiri kumwambia. Breki ameondoka jana na lori la saruji."

Nikashika ukuta. Daktari amenikataza hasira, lakini daktari hana ndugu kama wangu.

"Mpigie," nikasema. "Mpigie sasa hivi, mwambie aegeshe gari."

Shemeji akapiga. Hapatikani. Akapiga tena. Hapatikani.

Mama akatokea uani, anajifuta mikono kwenye khanga. Mama yangu ni mfupi, lakini akiingia chumbani watu husimama.

"Mnapigia kelele nini?"

"Mama, lini nilikupigia simu nikasema Breki yuko safi?"

"Hukupiga."

"Sasa?"

"Sasa nini? Nimesema yuko safi kwa sababu najua majibu yatakuja hivyo."

"Umejuaje?"

Wasomaji wangu, nimesimuliwa maungamo mengi kwenye kile kiti changu cha kunyolea. Wanaume wakifumba macho chini ya wembe husema mengi. Lakini sijawahi kuona mtu akiungama huku kifua kakitunisha kama Mama alivyofanya.

"Kwa sababu nilitema mimi."

Shemeji akaangusha shati.

"Cha Breki nilikimwaga kwenye shimo la choo," Mama akaendelea. "Nikajaza kile kingine. Ugonjwa huu ni wa kwa baba yenu, mimi haunihusu. Baba yangu mzazi amekufa mzee anapasua kuni mwenyewe. Mimi huyu hapa, nabeba ndoo mbili, sijawahi hata kupata kizunguzungu. Nikasema, wanataka mate masafi? Nitawapa masafi. Wamwachie mwanangu kazi yake."

"Mama, na kama Breki anao?"

"Kama anao, kupima kutautoa? Wewe umepimwa, umekutoka?" Sauti ikashuka. "Nimemzika mmoja. Wewe nakutazama ukipanda ngazi nahesabu pumzi zako. Huyu mmoja nilitaka nimwone akiishi kama mtu. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Usinitolee macho."

Nilitaka kumfokea. Nilifungua mdomo kabisa. Lakini nilimwona anavyoikunjakunja ile khanga, nikashindwa.

"Mshauri anakutaka," nikasema.

"Vizuri. Na mimi namtaka. Aniandikie barua ya mwanangu ya kumpelekea tajiri."

Akavaa gauni lake la kutokea. Shemeji akabaki na simu sikioni.

Mshauri alipomwona Mama akasimama. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, binti yangu. Nimekuja kukiri. Yale mate ni yangu. Nimekosa, lakini nimekosa kwa nia njema, na mate ni masafi. Sasa nisaidie barua."

"Kaa kwanza, mama." Akavuta kiti chake mpaka magoti yao yakakaribiana. "Nina majibu yako. Ungependa nikuambie peke yako, au mwanao abaki?"

"Abaki. Asikie kwa masikio yake, maana leo alitaka kunila mzima."

Hapo ndipo nilipoona mkono wa Mshauri ukienda kwenye boksi la tishu. Ulilisogeza taratibu, likapita mbele yangu bila kusimama, likatua mbele ya Mama.

Nikajua. Nilijua kabla hajafungua mdomo, nikatamani kumziba Mama masikio kama mtu anavyomziba mtoto.

"Mama, ile kasoro tuliyoiona kwenye damu ya huyu mwanao, tumeikuta kwenye mate yako. Ni ile ile."

"Ya Breki," Mama akasema.

"Hapana, mama. Breki hajapimwa. Hii ni yako."

Mama akafikiri. Akatikisa kichwa kwa upole, kama anayemsahihisha mtoto hesabu.

"Itakuwa nimeipata kwa baba yao. Nimeishi naye miaka mingi, tumekula sahani moja."

"Haipatikani kwa kuishi pamoja. Mtu huzaliwa nayo."

"Lakini mimi siumwi."

"Ndiyo, wapo wanaozeeka nayo bila kuumwa. Inakuwa imelala. Ikifika kwa mtoto inaamka. Hatujui kwa nini." Akachukua kalamu. "Mama yako mzazi alifarikije?"

"Sikumjua. Alinizaa, nikiwa bado mchanga akaanguka akichota maji. Walisema aliteleza."

Nje, magurudumu ya kitanda cha wagonjwa yalipita yakilia.

Mama hakulia. Alinyoosha mkono, akaisukuma ndani ile tishu iliyochomoza kwenye boksi, akaliweka boksi sawasawa na ukingo wa meza.

"Kwa hiyo mwanangu wa kwanza nimemuua mimi."

"Hapana, mama. Hukuchagua kumpa. Ulimpa kama ulivyompa macho na rangi."

"Wifi yangu je?"

Mshauri hakuelewa. Nilielewa mimi, na kifua kilinibana kwa namna ambayo vidonge havisaidii.

Wifi ya Mama ni shangazi yetu, dada wa pekee wa Baba. Siku ya kumzika kaka, Mama alisimama mbele ya watu wote akamwonyesha shangazi kidole. "Mmeniulia mwanangu kwa damu yenu iliyooza!" Shangazi aliondoka hata maji hajanywa. Hajakanyaga kwetu tangu siku hiyo. Baba alipolala kitandani na ugonjwa wa mapafu uliomuua, shangazi aliagana naye kupitia dirishani, amesimama nje kwenye matope, kwa sababu Mama hakumfungulia mlango.

Na Baba mwenyewe je? Baba aliamini. Alikuwa akinishika mkono ananiambia, "Mwanangu, niwie radhi kwa huo moyo niliokupa." Nami, mjinga mimi, nilimjibu, "Yameisha, Baba."

"Baba yenu aliniomba msamaha," Mama akasema. Alikuwa haongei na mtu. "Siku mbili kabla hajafa. Alilia. Akasema, mama watoto, nisamehe kwa mtoto wetu. Nikamwambia nimekusamehe."

Akanigeukia.

"Nilimsamehe, mwanangu. Mimi. Nikamsamehe yeye."

Sasa akalia. Sijawahi kumwona Mama akilia hivyo, hata makaburini. Alilia akijipiga kifuani kwa ngumi, taratibu, mahali pa moyo, mpaka Mshauri akaushika ule mkono akaukumbatia. Mimi nilikaa tu. Nilikuwa na hasira naye na nilikuwa namhurumia, yote mawili kwa nguvu moja, na hakuna lililomshinda mwenzake.

Ndipo simu yangu ikaita. Breki.

"Sikiliza," Mshauri akaniambia haraka, ameninyooshea kidole. "Kama yuko barabarani, usimwambie. Mshtuko wa ghafla ndio mbaya zaidi kwa mtu mwenye moyo kama huu. Kwanza asimame. Aegeshe, azime injini, ashuke. Maneno baadaye."

Mama alikuwa ameshanipokonya simu, akaita, "Mwanangu!" Kidole chake kikagusa kitufe cha spika, sauti ya Breki ikajaa chumba kizima, na mngurumo wa injini nyuma yake.

"Mama! Shikamoo. Nimeona simu za mke wangu kama za polisi. Kuna msiba?"

"Marahaba, baba. Hakuna msiba." Alijifuta pua kwa kiganja. Sauti aliikaza. "Uko wapi?"

"Nashuka mlima. Nimepakia saruji mpaka lori linalia lenyewe. Mtandao huku unakuja na kuondoka."

"Hebu simama pembeni tuongee."

"Nisimame wapi, Mama? Pembeni korongo. Wewe sema, nakusikia."

"Simama kwanza, mwanangu."

"Mambo yako, Mama!" Akacheka. Ni kicheko cha kaka kabisa. "Haya, nikifika chini nitasimama. Ila nikwambie kitu, usimwambie mke wangu. Asubuhi nimepata kizunguzungu. Macho yakaingia giza, nikajikuta nimelalia usukani, gari limesimama, hata sijui limesimamaje. Niliogopa, sikufichi. Kisha nikakumbuka ulivyoniambia, niko safi. Nikasema hii ni njaa tu. Nikanywa maji, nikawasha gari."

Mshauri alijiziba mdomo kwa mikono miwili. Nikanyoosha mkono nichukue simu. Mama akanigeuzia mgongo.

"Mama? Ni njaa tu, au sivyo?"

Mama akamtazama Mshauri. Mshauri akatikisa kichwa: bado, bado. Akanitazama mimi. Akisema ndiyo, mtoto anaendelea kushuka. Akisema hapana, anamshtua kwenye mteremko, korongo ubavuni.

"Baba," akasema, pole pole sana, "nani alikuambia uko safi?"

"Ni wewe, Mama," Breki akajibu, na injini ikazidi kunguruma. "Kwani vipi?"